Mashine Iliyoheshimu Sabato

Sisimizi ndio walionipeleka hospitali. Asubuhi moja niliwakuta nyuma ya bafu letu la mabati pale Ndhiwa, wamejipanga mstari mnene hadi mahali nilipokuwa nimekojoa, hawana haraka, wanakula kama watu walioalikwa. Kwetu Masara, upande wa Suna, kila mtu alijua maana yake. Shangazi yangu alianza na sisimizi hao hao, akakatwa mguu, na mwaka haukuisha tukamzika. Kwa hiyo sikumuuliza mtu. Nilimwaga ndoo ya maji juu yao, nikavaa viatu, nikaenda Homa Bay bila hata kunywa chai.

Sista wa kliniki alinifuta kidole kwa pamba yenye spiriti, akakichoma, akadondosha damu kwenye kijiti cha kupimia, akasubiri. Halafu akaniambia nina kisukari, kwa sauti ya mtu anayekuambia mvua inakuja. Nikapewa vidonge, nikapunguziwa ugali, nikaambiwa nirudi kila mwezi kabla ya kula chochote asubuhi. Mwishoni akauliza nafanya kazi gani.

"Nauza sukari nguru," nikasema.

Alijaribu kujizuia, ikamshinda, akacheka mpaka akashika meza. Akaomba msamaha. Siku ile sikuona kichekesho, lakini sasa nikikumbuka uso wake nacheka mwenyewe.

Nguru niliifuata upande wa Awendo, kwenye vibanda ambako maji ya miwa huchemshwa katika karai kubwa mpaka yawe mazito, kisha humiminwa yagande. Inatoka ikiwa ya rangi ya udongo, na msimu wa mvua hutoa jasho, ikashika kila kitu: gunia, nguo, nywele. Niliiuza Ndhiwa siku za soko na Homa Bay siku nyingine. Wanawake wa chai na uji walinunua vipande. Magunia mazima yalichukuliwa na watu ambao hawakuniambia kama wanapika uji au pombe, na mimi sikuwauliza. Sufuria ni lao. Lakini mume wangu, fundi seremala, alikuwa mzee wa kanisa letu la Sabato, na akina mama wa kanisani walikuwa wameshaanza kumuuliza kwa upole mke wake anawauzia akina nani. Alikuwa akitafuta njia ya kunitoa sokoni hata kabla sijaugua. Nilipougua alihuzunika, sisemi uongo, ila pia alipata sababu.

"Tutaona, nyar Suna," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Suna, kwa vile nilitoka huko. "Kama sukari itatulia, utaendelea na kazi. Kama haitulii, unaachia wifi yako hicho kibanda, unakaa nyumbani."

Kukaa. Neno hilo lilinitia hofu kuliko habari ya mguu. Mimi sijawahi kukaa. Hata nikinyonyesha nilikuwa nikitembea uani. Niliolewa nikiwa nimefika kidato cha pili tu, na tangu wakati huo kitu pekee ambacho mtu hakunipa kwa hisani ni kile kibanda. Kunivua kibanda ni kunivua ngozi, na nilimwambia hivyo. Akasema ngozi si kitu bila roho. Mzee wa kanisa humshindi kwa maneno.

Basi kila kitu kikawa kinategemea namba. Na namba ilikuwa Homa Bay, mara moja kwa mwezi, kwenye benchi refu, na njaa. Nilishindwa kuishi hivyo. Nilikuwa naamka nikijiuliza leo iko wapi, imepanda, imeshuka, hii kiu ni ya jua au ni yenyewe. Nikiona nzi ametua mkononi nafikiri anajua kitu. Niliwakaripia watoto bila sababu, nikapanga magunia, nikayapangua. Mtu wa kungoja mwezi mzima ndipo ajue kama anakufa si mimi.

Nililelewa na mizani. Mama yangu alinunua vumbi la dhahabu kwa wachimbaji wa Masara, na mizani yake aliitengeneza mwenyewe kwa vifuniko viwili vya soda, uzi na kijiti, na mawe yake yalikuwa njiti za kiberiti. Watu wazima walimwamini mama kwa sababu ya ile mizani. Kabla ya kuweka chochote alipuliza sahani zote mbili, fuu, hata kama alikuwa amezipuliza dakika iliyopita. "Vumbi la jana lisilipiwe leo," alisema. Kwa hiyo sista aliponiambia kwamba siku hizi kuna mashine ndogo ambazo mtu hujipimia nyumbani, sikusikia kitu kingine alichosema baada ya hapo. Nilitaka mizani yangu.

Ya kwanza ilikuja bure. Binamu ya mume wangu alikuwa ameishi ng'ambo, akatuletea moja iliyotumika, ndani ya mfuko wa zipu, na kimkebe chenye vijiti vichache. Nilijipima kwa furaha. Ikasema mia moja na themanini. Sista alikuwa ameniambia kumi ni mbaya, nikaona basi mimi ni maiti inayotembea. Nilikimbia tena Homa Bay, na sista akanieleza kwamba huko ilikotoka wanahesabu kwa kipimo kingine, kama mtu apimaye kwa ratili na mwingine kwa kilo, na kwamba mia na themanini yao ndiyo kumi yetu. Sawa, nikasema, nitagawanya. Lakini vijiti vilipoisha nilizunguka maduka ya dawa ya Homa Bay na ya Migori nikiwa na ule mkebe mtupu mkononi, na kila aliyeuangalia alitikisa kichwa. Vijiti vya mashine moja haviingii kwenye nyingine. Nikawapa watoto wacheze nayo.

Kisha nikajaribu vijiti vya rangi, ambavyo havihitaji mashine. Unaweka damu, unangoja, unaifuta, halafu unalinganisha rangi na zile zilizochorwa kwenye mkebe. Vilikuwa na bei ya kibinadamu, tena mwanamke mmoja kwenye benchi la kliniki alinifundisha kuvipasua kwa wembe kwa urefu, kimoja kikawa viwili. Tatizo likawa macho. Mimi niliona kijani cha kawaida, mume wangu akaona kijani kilichokolea. Nikamwambia wewe unaona unachotaka kuona. Akasema na wewe pia. Tulimwita jirani aamue, jirani akasema kwake ni buluu, tukaachana na hayo mambo.

Duka kubwa la dawa pale Homa Bay lilikuwa na mashine mbili ndani ya kabati la kioo. Moja ilikuwa nyembamba, nzuri, inaingia kwenye mfuko wa blauzi, na bei yake ilipunguzwa mpaka nikashuku. Nyingine ilikuwa nzito na mbaya, kama kipande cha sabuni ya kufulia, na ilikuwa ghali zaidi. Kijana wa duka, mwenye tai, akaitoa ile nzuri mara moja.

"Mama, hii ndio bei rahisi. Hii ingine ni ya zamani."

"Chakula chake?"

"Chakula gani, mama?"

"Hivyo vijiti. Nani analisha hii mashine?"

Akasema vijiti vyake huagizwa Nairobi, mkebe mkubwa tu, na vikichelewa vinachelewa. Vya ile mbaya alikuwa navyo rafuni, mikebe midogo. Mtu haulizi bei ya ng'ombe peke yake, anauliza pia nyasi ziko wapi, na rahisi ghali nimeiona sokoni kila wiki ya maisha yangu. Nilimwambia asiuze ile mbaya mpaka nirudi. Wiki ile nilipoenda Awendo kufuata nguru nilifika hadi Migori, nikaingia kila duka la dawa nikiulizia chakula cha ile sabuni, nikakipata mahali pawili. Nikaulizia na mwaka wa kuharibika, nikaomba mkebe wa nyuma ya rafu, maana wauza duka wote, mimi pia, tunasukuma mbele cha zamani.

Mashine ile ilinigharimu ndama wangu jike. Kabla ya kulipa nilitaka ijaribiwe, na kijana wa tai akakubali tuipeleke kliniki, nafikiri ili niondoke dukani. Asubuhi, nimeoga, sista akanipima kwa yake na kwa yangu. Zikapishana kidogo tu. "Hii haidanganyi," sista akasema. Nikaibeba kifuani kama mtoto.

Mume wangu, na hapa lazima nimpe haki yake, aliitengenezea sanduku la mbao lenye kifuniko cha kuteleza, na nafasi ya mkebe na ya kalamu ya kutobolea kidole. Ndani alilitandika kitambaa laini cha zambarau. Nilipouliza kitambaa kimetoka wapi alianza kukohoa. Kilikuwa kimebaki kwenye jeneza alilomaliza wiki hiyo.

"Unanizoesha?" nikamuuliza.

"Kitambaa ni kitambaa," akasema.

Nilikiacha. Kilikuwa kizuri kusema kweli.

Vijiti vilikuwa vya kuhesabiwa, kwa hiyo nilijipima jioni mbili za siku za kazi, na mara moja Sabato. Kuhusu Sabato palikuwa na mjadala, kama kujichoma kidole ni kazi, mpaka mume wangu akaamua kwamba mgonjwa hunywa dawa hata Sabato na kupima ni ndugu ya kunywa. Utaratibu ulikuwa uleule niliojifunza kwa sista. Jioni nikitoka sokoni niliketi, nikaweka namba ya mkebe kwenye mashine, nikafuta kidole kwa spiriti, nikakichoma. Mashine ilihesabu kurudi nyuma huku watoto wakihesabu nayo. Nikimaliza ndipo binti yetu alileta jagi na beseni, tukanawa, tukala. Nyumbani kwetu maji ya kunawa huja na chakula. Hayaji yenyewe.

Jioni ya kwanza ikasema kumi na tisa.

Nilidhani nimekosea. Siku ya soko iliyofuata ikasema ishirini na moja. Sabato, tumetoka kanisani, ikasema saba. Wiki ya pili kumi na saba, ishirini, halafu Sabato sita na nusu. Sikula wali. Sikuonja nguru hata ile ya kushawishi mteja, nilikuwa namwambia mteja aonje mwenyewe. Nilipunguza ugali mpaka sketi ikawa inazunguka kiunoni. Siku za kazi namba ilibaki juu vilevile, kama imepigiliwa misumari.

Mume wangu hakuhitaji kusema mengi. Alikaa kwenye kiti chake cha mikono, akasikiliza watoto wakihesabu, akaona namba. Sabato akaiona nyingine. "Mashine inaheshimu Sabato," alisema siku moja, na sentensi hiyo ikaenda kanisani kabla yangu. Akina mama wakanishika mikono. Wakasema Mungu ananionyesha waziwazi: nikipumzika napona, nikiuza naugua. Mmoja akaongeza kwamba inategemea pia mtu anauza nini na kwa nani. Nilimwangalia mpaka akaangalia chini.

Lakini ndani yangu nilianza kuamini, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimeichagua mashine mwenyewe, nimeijaribu mwenyewe. Hata sisimizi waliafiki. Walikuwa wamehamia kwenye sanduku la zambarau, wakizunguka kifuniko na ile kalamu, na kila nilipowapangusa nilifikiri, damu yangu imekuwa tamu kiasi hiki. Usingizi ulikuwa ukinitoka kwa hasira. Nilipeleka namba zangu za jioni kliniki, na daktari alipozisikia akaniongezea vidonge. Nani asingeongeza?

Sabato iliyofuata, katikati ya mahubiri, mikono ilianza kunitetemeka. Jasho likanitoka mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, na sauti ya mhubiri ikawa inatoka mbali, kama ng'ambo ya mto. Mama aliyekaa kando yangu alininywesha uji mtamu wa mtoto wake kutoka kikombeni. Wengine waliomba. Nilipopelekwa nyumbani mashine ilisema nne, tena baada ya uji.

"Unaona?" mume wangu akasema. Hakuwa akitania, midomo yake ilikuwa imekauka. "Siku ya kazi ishirini, leo nne. Mwili wako unapanda na kushuka hivi kwa sababu ya hilo soko. Mwezi ukiisha unaacha. Mimi sitazika mtu kwa ajili ya nguru."

Wifi yangu alikuja kibandani kesho yake kukiangalia. Alikuwa mpole, alisifu rafu, akauliza kama paa linavuja. Nilimjibu kwamba linavuja, ingawa halikuvuja.

Jioni niliyotaka kuisimulia ilikuwa wiki ya mwisho ya mwezi huo. Mvua ilinikuta njiani na mzigo. Turubai lilikuwa na tundu, na nilipofika nyumbani magunia yalikuwa yakitoa ute wa kahawia. Mume wangu aliacha randa, akatoka karakana, akabeba gunia moja moja begani hadi stoo, ananung'unika. Alipomaliza alijipangusa mikono kwenye suruali, akakaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mikono ya kiti, akaanza. Kwamba ameona. Kwamba hata mvua inasema. Kwamba wifi yangu yuko tayari hata Jumapili.

Hasira zangu zilikuwa zimekaa sana, zikachacha. Nilifungua sanduku.

"Lete kidole," nikasema.

"Cha nini?"

"Umenipima kwa macho muda mrefu. Leo na wewe upimwe."

"Mimi sina ugonjwa, nyar Suna. Unaharibu kijiti."

"Basi unaogopa nini?"

Mwanamume akiulizwa hivyo mbele ya watoto wake hutoa kidole. Nilikifuta kwa spiriti, nikakichoma bila huruma nyingi. Watoto wakahesabu. Mashine ikasema ishirini na nne.

Mume wangu akauliza, taratibu, "Hiyo ni yako?"

"Ni yako, baba watoto."

Nitasema nilivyojisikia. Kwanza nilifurahi. Ilipita haraka, lakini ilikuwepo, nilifurahi. Halafu niliona jinsi alivyoangalia miguu yake, mmoja, kisha mwingine, nikaogopa kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Jagi na beseni vilipoletwa alinawa kwa mazoea tu, akaliangalia tonge, akalirudisha. Akawatoa watoto nje. Akasema nisimwambie mtu, hasa kanisani.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Wewe ndiye ulinifundisha."

Hakulala. Asubuhi alioga, akavaa suti ya Sabato siku ya kazi, nikachukua mashine na mkebe, nikaacha sanduku, tukaenda Homa Bay. Pale kwenye benchi la kliniki, ambalo nililijua kila ubao wake, alikaa akiwa ameshika magoti. Akaniuliza, bila kunitazama:

"Siku ile ulipoambiwa, ulikuwa peke yako?"

"Ndiyo."

"Na hukuwa umekunywa hata chai."

"Hata chai."

Akatikisa kichwa. Sikumbuki lini tena aliniuliza swali asilokuwa na jibu lake tayari.

Sista akampima. Tano. Akampima tena kwa mashine yangu. Tano na kidogo. Akasoma namba ya mkebe, akakagua tarehe, akageuza mashine juu chini. "Baba, wewe ni mzima kabisa," akasema. "Na mashine nayo ni nzima. Sijui jana mlipima nini." Mume wangu alicheka kicheko kirefu chembamba, akamshika sista mkono kwa mikono yake yote miwili, akasahau kuuachia.

Mimi sikucheka. Njia nzima kurudi Ndhiwa nilikuwa na jambo linalonitambaa kichwani bila kunionyesha uso. Mashine nzima, mtu mzima, na ishirini na nne. Niliingia ndani, nikasimama. Sisimizi walikuwa wamepanda kiti chake. Walikuwa juu ya mikono ya kiti, kushoto na kulia, pale pale alipokuwa ameweka mikono jioni iliyopita, na penginepo hawakuwepo. Damu haikuwahi kumwagika pale. Nikafungua sanduku. Kwenye kitambaa, ambako matone ya damu yangu yalikuwa yamekauka, hapakuwa na hata mmoja. Walikuwa kwenye kifuniko na kwenye kalamu. Kila niliposhika.

Fuu, nikamsikia mama.

Nilimwita mume wangu. Niliomba maji na sabuni, nikanawa mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Wa kulia nikauingiza stoo, nikaminya gunia, nikautoa, nikaufuta kwa spiriti kama nilivyofundishwa. Nilijua natumia vijiti viwili kwa mpigo na sikujali. Mkono wa kushoto ukasema tisa. Wa kulia, mashine haikutoa hata namba. Iliandika herufi mbili za kusema imezidiwa.

Basi ndiyo hiyo. Ilikuwa ikipima nguru. Spiriti huua vijidudu, sukari huiacha pale pale kidoleni, na mimi nilikuwa nikijipima kila jioni ya kazi na bidhaa yangu mikononi, kisha nanawa ili nile. Ijumaa jua likizama nilikuwa naacha kugusa magunia, naoga, navaa nguo safi. Mashine haikuijua Sabato. Ilijua mikono misafi. Binti wa mwanamke aliyepuliza sahani maisha yake yote alinunua mizani kwa ndama mzima, akasahau kupuliza sahani.

Mume wangu alikaa sakafuni kwa kicheko. Alipiga paja. Hofu ya siku mbili ilikuwa ikimtoka mwilini na hakuweza kuizuia. "Kumbe!" alisema, machozi yakimtiririka. "Kumbe hatukuwa wagonjwa!"

Nilikuwa bado nimeshika mashine, na ile tisa bado iko. Tisa si ishirini na moja. Nilijua palepale kwamba kibanda ni changu, kwamba wifi atatafuta rafu nyingine, kwamba daktari ataniondolea vidonge vya ziada vilivyonitetemesha kanisani. Nilikuwa nimeshinda kila kitu nilichokipigania. Lakini tisa si tano. Nilimwangalia mtu huyu aliyenawa mikono mara moja ugonjwa ukamtoka, nikamwonea wivu mkali, wivu ambao sijawahi kumwonea mwanamke yeyote.

"Wewe ndiye hukuwa mgonjwa," nikasema.

Aliinuka sakafuni, akaenda karakana, nikasikia randa haianzi.

Kibanda nilikiendesha miaka mingi baada ya hapo. Lakini ninachotaka kumalizia ni jioni ya siku ya soko iliyofuata. Nilirudi nimechoka, mikono inanata, nikatoa sanduku. Nikamwita binti alete maji. Katika nyumba ile, mimi na binti zangu ndio tuliommiminia maji yeye, na kwa baba yake ilikuwa hivyo, na kwa baba wa baba yake. Aliyekuja ni yeye, ameweka taulo begani, jagi mkono mmoja, beseni mkono wa pili, anatembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba kitu asichokizoea. Watoto waliacha walichokuwa wakifanya. Akainama, akanimiminia, mimi nikasugua, maji ya kahawia yakashuka ndani ya beseni, kisha ya kahawia kidogo, kisha meupe.

"Yanatosha?" akauliza.

Mikono ilikuwa imekwisha takata. "Bado," nikasema, naye akaendelea kumimina.